Swali la Magamba na siri ya kuganda kwa metali

SI mbali na Vuga, makao ya kale ya watawala wa Kilindi katika milima ya Usambara, ndiko kulikozuka hoja ya kisayansi ambayo wataalamu wangali wanabishana juu yake. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, aliweka maziwa ya moto yenye sukari ndani ya jokofu. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa.

Alipouliza sababu, alichekwa. Akiwa Mkwawa, Iringa, alilirudia swali hilo kwa Dk. Denis Osborne, mhadhiri kutoka Dar es Salaam. Majaribio yakafanyika, na mwaka 1969 wakachapisha makala katika jarida la Physics Education. Mwaka 2016, watafiti wa Uingereza walieleza kuwa hawakupata ushahidi wa kuthibitisha jambo hilo.

Miongoni mwa maelezo yaliyopendekezwa ni kupoa kupita kiwango. Kimiminika huweza kushuka chini ya nyuzijoto zake za kugandia kikabaki kimiminika, kwa kukosa chembe ya kuanzishia fuwele. Kinachopoa kidogo tu kupita kiwango huanza kuganda mapema.

Kanuni hiyo huzihusu pia metali zilizoyeyushwa. Mwaka 1950, David Turnbull wa Marekani alionyesha kuwa matone madogo ya baadhi ya metali hubaki kimiminika hata nyuzijoto zaidi ya 200 chini ya kiwango cha kuganda.

Fuwele ikishaanza, huchipuza matawi kama mti, ndipo ikaitwa dendriti. Kadiri kimiminika kilivyopoa kupita kiwango, ndivyo matawi yanavyokua kwa kasi na kuwa membamba. Katika aloi nyingi, fuwele husukuma nje sehemu ya metali iliyochanganywa, nayo hujikusanya katikati ya matawi. Hapo ndipo vitundu na nyufa huweza kuanzia.

Kwa fundi anayeyeyusha alumini chakavu na kuimimina katika kalibu ya mchanga, jambo hili si la vitabuni tu. Sehemu nene ya sufuria hupoa polepole, matawi yakawa manene, na uimara ukapungua. Viwandani huongezwa chembe za titani na boroni, ili fuwele nyingi ndogo zianze kwa pamoja kabla metali haijapoa mno.