Jina la Mama, Ufunguo wa Nani?

Mwaka 1976 Muhammad Yunus, mwalimu wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Chittagong nchini Bangladesh, aliwakopesha watu 42 wa kijiji cha Jobra jumla ya dola 27. Miongoni mwao walikuwamo akina mama waliotengeneza vigoda vya mianzi. Mianzi walikopa kwa mchuuzi, na vigoda walilazimika kumuuzia yeye huyohuyo, kwa bei aliyopanga yeye.

Mwaka 1983 jaribio hilo likawa Benki ya Grameen. Benki haikudai hati ya shamba, ambayo mara nyingi ilikuwa na jina la mume. Ilidai kikundi cha watu watano: mmoja alipochelewesha marejesho, wenzake nao walikwama. Mwaka 2006 Yunus na benki yake wakapewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Lakini miaka kumi kabla ya tuzo hiyo, watafiti Anne Marie Goetz na Rina Sen Gupta walikwisha kuuliza swali jepesi: mkopo ukishatoka, nani anaamua utumikeje? Walikuta kwamba sehemu kubwa ya mikopo ya wanawake waliowachunguza huko Bangladesh ilikuwa mikononi mwa wanaume wa nyumbani. Jina kwenye daftari lilikuwa la mama, na deni pia likawa lake.

Huko Maradi, nchini Niger, njia nyingine ilianza mwaka 1991, shirika la CARE likisaidia. Wanawake hawakuletewa fedha za kukopa. Waliweka akiba zao, wakakopeshana, na riba ikarudi kwao. Mfumo huo ulienea hadi Afrika Mashariki, ambako upatu ulikuwa umekwisha kuzoeleka. Fedha hulala katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Mmoja hukaa na sanduku, watatu wengine hushika funguo. Mume akija na shida yake usiku, mke hawezi kulifungua peke yake; ombi linangoja kikao, na kikao kinaamua mbele ya wote. Mzunguko ukiisha, kwa kawaida baada ya mwaka hivi, sanduku linavunjwa na kila mtu anapata kulingana na hisa zake.

Pembeni ya vikoba hivyo, mitaa ya Tanzania imelipa jina deni la namna nyingine: kausha damu. Riba ni nzito, marejesho ni ya kila siku au kila wiki, na anayeshindwa huona vyombo vyake vikibebwa majirani wakitazama. Huyo naye amekopeshwa kwa jina lake.

Kwa hiyo tukitangaziwa idadi ya wanawake waliokopeshwa, tumesikia nusu ya habari. Nusu iliyobaki ni hii: nani aliamua matumizi, nani analipa, na riba inaingia mfuko wa nani.