Kwa nini sikununua Hilux: historia fupi ya pikapu za Marekani

Huku Columbus, Ohio, baridi imeanza kulegea, na majani yakianza kuota ndipo kazi yangu inapoanza. Tangu niwaambie kwamba nimeacha kuajiriwa na sasa natunza bustani za watu kwa jina langu mwenyewe, swali limekuwa moja. Mjomba kauliza, shemeji kauliza: akiba ya miaka minne unaimaliza kwenye gari moja kubwa, tena lililotumika? Si ungechukua Hilux, ukabakiwa na za kuezeka nyumba ya mama? Swali ni la haki. Ila jibu lake linaanza mbali, mwaka 1917.

Mwaka huo Ford walitoa Model TT, gari la kubeba tani moja. Liliuzwa chesisi tupu, bodi ukajitengenezee kwa fundi seremala. Mwaka 1925 ndipo wakatoa Model T yenye bodi ya mizigo kutoka kiwandani, kwa dola 281. Wakulima wakaipenda, na hiyo ndiyo bibi yao pikapu zote mnazoziona kwenye sinema.

Tela nalo lina hadithi yake. Mwaka 1914 huko Detroit, mfanyabiashara wa mbao alitaka kusafirisha mashua yake kwa gari lake la Ford. Akamwendea mhunzi aitwaye August Fruehauf, naye akamtengenezea tela. Mfanyabiashara akaona, kumbe na mbao zinaweza kubebwa hivyo hivyo! Fruehauf akawa tajiri wa matela. Mwaka 1945 Leonard Shoen na mkewe Anna Mary wakaanzisha U-Haul, na mtu wa kawaida akaweza kukodi tela, akahama na vyombo vyake bila kumlipa mwenye lori.

Sasa tuje kwenye majina, maana hapa ndipo wageni wengi tunachanganyikiwa. Mwaka 1948 Ford walileta F-1 ya nusu tani, F-2 ya robo tatu ya tani, na kuendelea. Mwaka 1953 zikaitwa F-100, F-250 na F-350. F-150 ilikuja mwaka 1975, ikiwa nzito kidogo ili isibanwe na masharti ya moshi yaliyohusu magari mepesi. Watu bado wanasema "nusu tani" na "robo tatu", lakini hayo yamebaki majina tu. Nusu tani ya leo inabeba zaidi ya hapo.

Na Hilux? Hapa mtacheka. Kuku ndio wamemzuia! Miaka ya 1960 nchi za Ulaya zilitoza ushuru mkubwa kuku wa Marekani waliokuwa wakiuzwa kwa bei ya chini. Desemba 1963 Rais Johnson akajibu kwa ushuru wa asilimia 25 kwa bidhaa chache, na pikapu za kutoka nje zikiwemo. Alizilenga Volkswagen za Ujerumani, lakini kizuizi kikawaangukia Wajapani pia. Toyota wakawa wanaleta pikapu bila bodi ya nyuma, kwa ushuru mdogo, bodi inafungwa California. Mwanya huo ukazibwa mwaka 1980. Ushuru wenyewe haujafutwa. Kwa hiyo Wamarekani waliachiwa soko la pikapu kubwa, nao wakazidi kuzikuza. Hilux mnayoijua nyinyi, mpya dukani huku haipo. Ipo ndugu yake Tacoma, iliyoingia mwaka 1995, gari zuri, ila tuone hesabu.

Tela langu tupu lina kama kilo 900. Mashine mbili kubwa za kukatia majani, zile za kukalia, ni kama kilo 1,100. Weka mafuta, mashine ndogo, majembe na mifuko, tunafika kilo 2,300. Tacoma nyingi zinaruhusiwa kuvuta uzito huo. Lakini kuvuta si tatizo kubwa. Oktoba 2012 Toyota Tundra moja ilivuta chombo cha anga cha Endeavour, zaidi ya tani 100, ikakivusha daraja huko Los Angeles. Taratibu, na barabara ikiwa imefungwa! Mimi nasimama kwenye taa nyekundu, mtoto anakatiza na baiskeli.

Uzito unaokaa kwenye ndoano ya tela unatakiwa uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela, yaani kwangu kilo 230 hadi 345, na wote unaukandamiza mgongo wa gari. Ongeza vijana watatu na mimi, na mbolea nyuma. Gari dogo linakuwa limeshamaliza ruhusa yake ya kubeba kabla hatujaondoka nyumbani. Nyuma ikizama, mbele inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi na breki hazishiki sawasawa. Ndiyo maana chama cha wahandisi wa magari, SAE, kilitoa kipimo kiitwacho J2807, maana zamani kila kampuni ilijitangazia kilo zake. Toyota walikifuata kwanza, mwaka 2011. Gari linapandishwa mlima wa Davis Dam, Arizona, na tela, kiyoyozi kikiwa kimewashwa.

Basi nimechukua F-250 ya mwaka 2012, petroli, lita 6.2. Dizeli ina nguvu zaidi, lakini tangu sheria za moshi za 2007 ina chujio linalotaka safari ndefu ili lijisafishe. Mimi nasimama kila nyumba ya tatu. Na theluji ikianguka, gari hilo hilo nitalifunga sepeto la mbele nisafishe maegesho ya maduka, kwa hiyo halitalala miezi minne.

Mjomba, bati za mama sijazisahau. Ila nimewaajiri vijana watatu, na wazazi wao nao wanawasubiri jioni. Wasalimieni wote, na maswali yenu nayangoja hapa chini kama kawaida.