Meli ya Liemba: Kutoka Chombo cha Vita hadi Chombo cha Abiria

Historia ya vyombo vya majini katika Afrika Mashariki imezoeleka kuandikwa kwa kalamu ya vita. Meli ya Liemba ni mfano bayana wa mazoea hayo. Iliundwa mwaka 1913 mjini Papenburg, Ujerumani, ikapewa jina la Goetzen, aliyepata kuwa gavana wa koloni. Baadaye ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika takribani masanduku 5,000 na kusafirishwa kupitia Dar es Salaam hadi Kigoma. Huko iliunganishwa upya, ikashushwa ziwani Februari 1915 na kuwekewa mizinga. Tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe na adui. Hata hivyo, mafundi walikuwa wameipaka mitambo yake grisi ili isiliwe na kutu.

Waingereza waliiibua mwaka 1924. Mei 1927 ilirejea kazini ikiwa na jina la Liemba, ambalo Livingstone alilinukuu kuwa ndilo jina la sehemu ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Hapa ndipo hoja ya msingi inapojitokeza: maisha yake ya kivita hayakutimia miaka miwili, ilhali utumishi wake kwa abiria ulizidi miaka 80.

Utumishi huo ulikuwa na taratibu zake. Kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia, vijiji vingi havikuwa na gati. Meli ilisimama mbali na ufuko, na mitumbwi ikaifuata kupakia na kupakua watu, dagaa na mazao. Katika mikusanyiko ya namna hiyo, Kiswahili kiliwawezesha Waha, Watongwe, Wafipa na wasafiri wa kutoka Kongo kupatana bei na kupashana habari.

Aidha, vita viliirudia Liemba kwa sura nyingine. Mwaka 1997 ilivusha wakimbizi zaidi ya 75,000 kutoka Kigoma hadi Uvira waliokuwa wakirejea kwao. Mwaka 2015 iliwachukua Warundi waliokuwa wamekwama Kagunga na kuwafikisha Kigoma.

Kwa hiyo, mtafiti anayeishia mwaka 1916 huwa amesimulia habari za wenye mizinga tu. Kumbukumbu za mabaharia, wapagazi na wachuuzi zimo zaidi vinywani kuliko katika nyaraka. Zisipokusanywa mapema, zitazama, na hapana grisi itakayozihifadhi.