Namba 1.56 na usafi wa bodi za saketi
Unajua chumvi kidogo tu inaweza kuua saketi? Ikipata unyevu, umeme unavuja. Miaka ya 1970, watafiti wa jeshi la majini la Marekani walisuuza bodi kwa alkoholi na maji, wakapima jinsi maji hayo yanavyopitisha umeme. Kikomo kikawa maikrogramu 1.56 za chumvi kwa kila sentimita ya mraba. Enzi hizo, masalia ya flaksi ya kulehemu yalioshwa kwa CFC. Itifaki ya Montreal ya 1987 ikazibana, maana ziliharibu ozoni. Viwanda vingi vikahamia flaksi zisizooshwa, lakini namba ikabaki ileile! Mwaka 2018 ndipo viwango vya IPC vikaacha kuitegemea peke yake. Sasa mtengenezaji athibitishe mwenyewe: bodi yake itahimili joto na unyevu?