Kulandanisha Sauti na Picha

Wanaohariri video za harusi za Waafrika Mashariki hapa London wana neno moja kwa balaa lote la mdomo na sauti kutokwenda pamoja: "haijasinki". Ni fupi, na linaeleweka Barking kama linavyoeleweka Kariakoo. Taabu yake ni kwamba linaficha magonjwa mawili yasiyotibika kwa dawa moja.

Istilahi ninayoitetea ni ulandanishi, kutokana na landana, yaani kulingana au kufanana. Kulandanisha sauti na picha ni kuhakikisha kila mlio unasikika wakati ule ule unapoonekana ukitokea. Menyu za simu hupenda "sawazisha", na kwa kunakili namba na picha kutoka kifaa hadi kifaa linafaa. Kwenye chumba cha uhariri silitaki. Ukimwambia fundi asawazishe sauti, atapandisha iliyo chini na kushusha iliyo juu, na atakuwa amefanya ulichomwagiza. "Oanisha" nalo limeshachukuliwa na Bluetooth. Ulandanishi halina kazi nyingine katika fani hii, basi lipewe hii.

Tena ulandanishi una kipimo. BBC ilipoanza matangazo ya kawaida ya televisheni kutoka Alexandra Palace, kaskazini mwa London, tarehe 2 Novemba 1936, ilirusha picha 25 kwa sekunde, nusu ya ile 50 ya mizunguko ya umeme wa Uingereza. Kenya, Uganda na Tanzania nazo zina umeme wa 50, na televisheni zao zikashika hiyo 25. Kwa hesabu hiyo kila picha hukaa milisekunde 40. Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, katika pendekezo lake R37, unaruhusu sauti iwahi kwa milisekunde 40 tu, lakini ichelewe hadi 60. Upendeleo huo una sababu. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo aliyeketi mita 17 kutoka jukwaani husikia milisekunde 50 baada ya kuona. Tumezoea sauti ichelewe kidogo tangu utotoni. Sauti inayoutangulia mdomo haipo katika maumbile, ndiyo maana hukera upesi, hata kwa mtazamaji asiyejua kinachomkera.

Sasa magonjwa yenyewe. La kwanza naliita kupishana: sauti inawahi au inachelewa kwa kiasi kile kile, mwanzo hadi mwisho. La pili ni kuachana: vinaanza pamoja, kisha vinatengana kidogo kidogo, hata shehe anapofika kwenye dua sauti imeshaondoka peke yake.

Kuyatofautisha si kazi ngumu, na Kiswahili chenyewe kinasaidia. Sauti za m, b na p hazitamkiki bila kufunga midomo. Bwana harusi anaposema "nimekubali", midomo hukutana mara mbili, kwenye m na kwenye b. Sogeza video picha moja moja mpaka pale midomo inapoachia ile b, kisha tazama mchoro wa mawimbi ya sauti chini yake. Kabla ya b mchoro husinyaa karibu kuwa mstari, halafu hufumuka ghafla. Mfumuko huo unapaswa kuwa chini ya picha ile ile ya midomo kuachia. Kama hakuna aliyekumbuka kupiga kofi mbele ya kamera kabla ya shughuli, b hiyo inatosha. Kisha nenda mwisho wa rekodi, tafuta b au p nyingine, upime tena.

Tofauti ikiwa ile ile, ni kupishana: tenganisha sauti na picha, isogeze, umemaliza. Ila kabla ya kusogeza chochote, vua vipokea sauti vya Bluetooth uchomeke vya waya. Vile visivyo na waya huchelewesha sauti, na ni rahisi kurekebisha kosa lililo masikioni mwako, halafu ukapeleka kwa wateja faili uliyoiharibu mwenyewe.

Tofauti ikikua, ni kuachana, na hapo kusogeza hakusaidii: utalandanisha nikahi, uharibu dua. Mara nyingi chanzo ni simu. Ukumbi ukiwa na giza, simu hubadilisha idadi ya picha kwa sekunde katikati ya kurekodi, ilhali programu nyingi za kuhariri hutarajia idadi isiyobadilika. Pitisha video kwanza kwenye programu ya HandBrake, ambayo ni ya bure, uchague idadi thabiti, ndipo uiingize kwenye mradi.

Chanzo kingine ni kinasa sauti cha pembeni. Saa yake ya ndani na ya kamera hazilingani kabisa. Zikihitilafiana kwa sehemu 20 tu katika milioni, saa moja ya rekodi huzaa milisekunde 72, karibu picha mbili. Hapo landanisha mwanzo, kisha nyoosha au bana sauti mpaka mwisho nao ukae. Kama pengo ni la dakika badala ya picha, angalia sampuli: sauti iliyorekodiwa kwa sampuli 44,100 kwa sekunde ikisomwa kana kwamba ni 48,000, saa nzima hubaki dakika 55 na sekunde 7 na nusu, na wasemaji wote hupata sauti nyembamba za kitoto.

Ukimtumia kazi mwenzako aliye Mombasa au Dar es Salaam, usimwandikie "haijasinki". Andika: "Sauti inawahi picha 2 mwanzo, picha 2 mwisho," naye atasogeza bila kuuliza. Ukiandika "picha 0 mwanzo, picha 9 mwisho", ataacha kila kitu mahali pake na kukuuliza ilirekodiwa kwa simu au kwa kamera.