Fedha Wajibishi: Istilahi na Haki ya Mlipaji

"Zabuni halali", tafsiri inayojitokeza hapa na pale kwa maana ya fedha ambayo sheria inamtaka mdai aipokee, ni kosa lisilovumilika, kwa kuwa zabuni ni ushindani wa wazabuni wanaowania kazi, ilhali neno la Kiingereza lililotafsiriwa hivyo, "tender", lina asili ya kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kunyoosha, yaani mdaiwa kumnyooshea mdai anachodaiwa.

"Fedha halali", inayopendwa na kamati zinazoridhika upesi, ina ila iliyojificha zaidi. Halali limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kufungua fundo, hivyo ingeweza kudaiwa kwamba fedha halali hufungua fundo la deni; lakini Mswahili hasikii fundo katika neno hilo, bali husikia kinyume cha haramu, na kuongeza "kwa malipo" hakuondoi utata huo. Kwacha ya Zambia si haramu mkononi mwa mfanyabiashara anayevuka kutoka Nakonde kuingia Tunduma, wala dola si haramu mfukoni mwa dereva wa lori anayepita Ruanda, wilayani Mbozi, kwani kila mmoja anaweza kuibadilisha fedha yake benki. Kinachozikosesha hadhi ya kisheria katika malipo nchini Tanzania ni kutokuwa na nguvu ya kumbana mpokeaji.

Istilahi inayoitaja nguvu hiyo ni "fedha wajibishi". Wajibu, kwa asili yake ya Kiarabu, ni jambo lisilokwepeka. Kitenzi wajibisha kimezoeleka. Na kiishio -i kimekwisha kuzaa "mazingira wezeshi" na "demokrasia shirikishi", ambazo wanaoliita neno hili geni hawakuzipinga hata kidogo. Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania ya mwaka 2006 iliipa shilingi nguvu hiyo, na Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni zilizotangazwa Machi 28, 2025 zikafanya kuwa kosa kutangaza bei ya ndani kwa fedha za kigeni au kukataa shilingi, isipokuwa katika mambo machache yaliyoruhusiwa.

Kwa hiyo, nje ya mambo hayo, mteja aliyetajiwa bei kwa kwacha au dola ana haki ya kutajiwa na kulipa kwa shilingi.

Haki hiyo haitokani na usafi wa fedha ya mlipaji, bali na wajibu wa mpokeaji, na istilahi isiyoutaja wajibu huo inamnyima mlipaji hoja yake ya kwanza.