Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO)

Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa kifupi HADO, ulikuwa mradi wa serikali ya Tanzania ulioanzishwa mwaka 1973, kwa msaada wa Sweden, ili kuzuia mmomonyoko wa udongo mkoani Dodoma. Kazi yake kubwa ilifanyika Kondoa, kwenye vilima vya Irangi. Huko miti ilikuwa imekatwa na majani kuliwa na mifugo, hivyo mvua haikunywewa na ardhi. Maji yaliteremka kwa kasi, yakachimba makorongo marefu na kufukia mashamba ya mabondeni kwa mchanga.

Mwanzoni mradi ulichimba matuta ya kinga maji na kupanda miti, lakini ng'ombe na mbuzi waliendelea kukanyaga kila kilichochipua. Mwaka 1979 serikali iliamuru mifugo yote iondolewe katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,250. Ilikuwa amri nzito. Warangi, wenyeji wa Kondoa, walipoteza maziwa, samadi na akiba yao kwa pamoja, na gharama hiyo haistahili kusahauliwa kila mradi unaposifiwa. Hata hivyo nyasi na miti ya miombo ilirudi yenyewe, vizuri kuliko hata ile iliyopandwa kwa mikono, na wakulima wakaanza kulima tena kwenye mchanga uliotulia.

Miaka kumi baadaye ng'ombe wa maziwa waliruhusiwa tena, kwa sharti la kufugwa zizini. Mradi ulimalizika katika miaka ya 1990.